Leso ya Waya Atieno

Wiki hii nimeandika jibu mara saba kwenye kundi la WhatsApp la jamaa zetu, na mara saba nimelifuta. Mtu anayejiita mwandishi, mwenye shahada mbili ukutani, ameshindwa na sentensi moja ya simu. Ouma, mume wa shangazi yangu, amefariki akiwa mzee, kitandani, kwa presha. Hakufa maji, lakini maji ndiyo yanayomzuia kuzikwa. Mvua za mwaka huu zimeutoa mto Nyando nje ya kingo zake tena, tambarare ya Kano imegeuka ziwa, na katika picha zinazotumwa kila asubuhi paa la jiko lake linachungulia kama mgongo wa kiboko. Boma lote limebaki na mahali pamoja tu palipoinuka, ambapo kaburi linaweza kuchimbwa bila kujaa maji: kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, penye kaburi la saruji la mke wake wa kwanza, Waya Atieno. Waya ndivyo tunavyomwita shangazi wa upande wa baba. Steve, mwana wa mke wa pili, injinia wa majengo na kijana ninayempenda, aliniuliza mbele ya watu wote: "Aunty Akoth, wazee hapa wananipea stori hazieleweki. Kwa hiyo kaburi ya Mama Atieno kuna mtu ama hakuna? Kama hakuna, tuivunje tulaze mzee hapo." Chini ya swali lake vidole gumba vimejipanga kama askari. Sikukasirika. Niliwahi kuwa na shaka kama hiyo mimi mwenyewe, mwaka wa El Niño, nikiwa na miaka kumi na tisa, na nikaishughulikia vibaya kuliko yeye.

Mwaka ule nilikuwa nyumbani Makadara, jijini, nikingoja kuitwa chuo kikuu. Siku zile mtu alimaliza shule akangoja hadi akasahau alichokuwa amesoma, ila mimi sikusahau kwamba nilikuwa nimepata A katika Jiografia, na alama hiyo ilinifanya nisivumilike. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Cherehani ya Mama ilikaa chini ya dirisha, kwa sababu alishona sare za shule na alihitaji mwanga. Redio ilikaa juu ya kabati. Na katikati kulikuwa na pazia la maua lililogawanya sebule mara mbili, upande mmoja wageni, upande wa pili kitanda changu. Pazia lile ndilo lililonifunza kazi ninayoifanya hadi leo, yaani kusikiliza watu wasiojua kwamba ninasikiliza. Mvua ilianza kama mvua nyingine yoyote ya vuli, kisha ikakataa kuondoka. Mtaro wa mbele ya nyumba ulifurika, ukuta wa jiko ukaota ukungu, nguo hazikukauka, na sare zote za Mama zilinuka moshi kwa sababu tulizianika juu ya jiko la makaa. Redio ilitaja kwetu Kano kila jioni: Nyando imevunja tuta, Ahero watu wamehamia shuleni, barabara fulani haipitiki. Baba alikuwa dereva wa lori, na lori lake lilikuwa limekwama mahali fulani kwenye barabara ya Mombasa iliyokatwa na mafuriko hayohayo. Dereva mwenzake alipita akatuambia kwamba yuko salama, anakula mahindi ya kuchoma na kucheza karata, na kwamba haijulikani atakuja lini.

Ndipo Ouma akabisha mlango. Ilikuwa saa nne asubuhi, Mama akiwa na pini mdomoni. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, amevaa koti la suti lililokauka vibaya na viatu vya raba visivyo na kamba. Kwa mkono mmoja alibeba mfuko wa plastiki. Kwapani alikumbatia kitu kirefu, kizito, kimefungwa ndani ya leso ya manjano yenye maua ya korosho. Leso ile niliijua. Mama alikuwa amempa Waya Atieno Krismasi iliyotangulia, na Waya alikuwa ameapa kwamba haitagusa jiko wala shamba, ni ya kanisani tu. Waya ndiye aliyenifunza kusuka nywele, kukaanga omena, wale dagaa wa ziwani, bila kuwachoma, na kusema uongo mdogo kwa uso mtulivu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyezidi umri wangu. Kwa hiyo kabla hata sijamkaribisha mgeni nilimuuliza Waya yuko wapi. Ouma alitazama cherehani. Alisema yuko kule, na wenzake, shuleni. Kisha akamuuliza Mama kama shemeji yake, yaani Baba, yupo, na alipoambiwa hayupo, uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyepanda mlima akakuta nyuma yake kuna mwingine. Alisema atamngoja.

Akangoja wiki tatu. Mtu akikaa kwenu wiki tatu bila kueleza sababu, nyumba nzima huwa idara ya upelelezi, na mimi nilijiteua mkuu wa idara. Nilikuwa na daftari. Niliandika kwamba mgeni hataki kukaa kwenye kochi. Hukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kwamba hapeani mikono, hunyoosha mkono kisha anaurudisha kama aliyekumbuka jiko ni moto. Kwamba hula kwa sahani moja ileile ya bati, huiosha mwenyewe na kuificha nyuma ya ndoo. Kwamba hanyoi ndevu. Kwamba Mama alipomwambia alale sebuleni alikataa akalala jikoni kwenye gunia, na mzigo wake akausimamisha kwenye kona yenye joto, akiufunika leso vizuri kila asubuhi. Kila siku alitoka akaenda hadi Barabara ya Jogoo kuwauliza madereva wa malori habari za Baba, akarudi amelowa. Nikamuuliza tena juu ya Waya, akasema wako kanisani mlimani. Nikaandika: jana shule, leo kanisa. Nikafungua atlasi yangu ya shule, ambamo Kenya nzima ilikuwa na ukubwa wa chapati, nikaweka kidole juu ya Kano na nikathibitisha, kwa mamlaka ya ile A, kwamba boma la Ouma lilikuwa mbali na mto na maji hayangeweza kulifikia. Nilimwonyesha. Aliitazama ramani kwa heshima, akauliza mto wenyewe uko wapi. Nilimwonyesha uzi wa buluu. "Ni mwembamba," alisema, akarudi kwenye kigoda chake.

Mshirika wangu katika upelelezi alikuwa Mama Mutuku wa nyumba ya pili, mwanamke wa Machakos ambaye mumewe alichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Mama Mutuku alikuja kila alasiri kuazima kitu asichokihitaji, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu, upande wetu wa pazia, na kuzungumza na Mama kwa sauti ambayo aliamini ni ya chini. Nadharia yake ya kwanza ilikuwa mwanamke mwingine. Alisema mwanamume anayetoroka nyumbani wakati wa shida na leso ya mke wake kwapani ana maelezo mawili tu: ama amemwibia, ama amemwacha. Mama alimkemea kidogo, kwa sababu sisi tulikuwa watu waliookoka na hatukusengenya, tulichangia tu mambo ya kuombea. Lakini usiku uleule Mama aliutoa mkoba wake sebuleni akaulaza chini ya mto. Nami niliposikia Ouma akikohoa jikoni nilimchukia kabisa, maana kila siku aliyokaa bila kusema ilikuwa siku nyingine ambayo Waya wangu alikuwa peke yake mahali fulani, shuleni au kanisani au wapi, bila leso yake.

Alhamisi moja ushirika wa nyumbani ulikuwa uje kwetu saa kumi. Ouma alikuwa ametoka. Nilikuwa nafagia jikoni, na ule mzigo ulikuwa kwenye njia ya ufagio. Hivyo ndivyo nilivyojieleza kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba nilifunga mlango kwanza. Fundo la leso lilikuwa limefungwa na mtu aliyejua kufunga ng'ombe, nikalifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na shuka, na ndani ya shuka kulikuwa na tunda. Tunda moja, refu kama mkono wangu, la rangi ya majivu, gumu, lenye umbo la soseji ya kulishia jeshi. Tunda la mwegea. Kwetu huitwa yago. Nililijua kwa jina lake na kwa mti wake, nililiona kila likizo likining'inia kwenye matawi kule nyumbani, lakini hakuna aliyewahi kuniambia lina kazi gani, na katika silabasi ya Jiografia halikuwemo. Nikamwita Mama. Mama akamwita Yesu, kisha akamwita Mama Mutuku.

Mama Mutuku aliingia, akatazama, akaketi juu ya ndoo akacheka hadi akafuta machozi. "Wewe Mama Akoth, umekaa na mpishi wa pombe wiki tatu na hujui? Hii ni ya muratina. Kwetu unakata hii kitu, unachemsha, unaanika, unatia na asali, siku mbili mzee anaimba." Alilipiga tunda kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti. Kila kitu kikaingia mahali pake mara moja: kuficha, kona yenye joto, sahani ya peke yake, kutoka kila siku bila kazi. Nyumba ya waliookoka, saa mbili kabla ya ushirika, yenye kiwanda cha pombe karibu na sufuria za chai. Mama alishika kichwa. Aliogopa polisi, aliogopa mchungaji, na nadhani alimwogopa mchungaji zaidi. Sikungoja aamue. Nilisema nitalitupa mimi lile tunda. Nililibeba ndani ya ndoo, chini ya maganda ya viazi, hadi kwenye jaa la takataka nyuma ya nyumba, nikalirusha, likabingirika hadi kwenye tope na kabichi zilizooza. Leso nikairudisha nyumbani. Nilisema moyoni kwamba nitaitunza hadi mwenyewe aje. Niliifua na kuianika kwenye kamba nje, ingawa mvua ilikuwa imeanza tena.

Ouma alirudi kabla ya ushirika. Nilimwona kupitia dirisha la cherehani. Alisimama katikati ya uwanja akiitazama ile leso ya manjano ikidondosha maji kwenye kamba, na hakusogea kwa muda mrefu kiasi kwamba mama mmoja aliyepita na mwavuli alimzunguka kama nguzo. Alipoingia hakupaza sauti. Aliniuliza kilichokuwa ndani kiko wapi. Nilimwambia kwamba nyumba hii haipiki pombe. Aliuliza mara ya pili, polepole, na hapo nilitumia kile nilichofunzwa na Waya: nikamwambia kwa uso mtulivu kwamba gari la takataka limepita limekichukua. Mama alinitazama, hakunisahihisha. Ouma alisema, "Basi." Akatoka akaketi kwenye ngazi ya mlango, na wanaushirika walipofika iliwabidi wainue sketi zao kumvuka. Tuliimba, tukaombea watu wa mafuriko, mmoja wao akaombea hasa "yule ndugu aliye mlangoni, aguswe." Hakuguswa. Alikaa pale siku mbili, akiingia jikoni kulala tu, na sahani yake ya bati alituachia ikiwa tupu na safi.

Baba alifika Jumamosi mchana, buti zimejaa tope jekundu, ndevu zake mwenyewe zikiwa za wiki nyingi. Ouma alisimama. Hawakusalimiana kwa mikono. Baba alimtazama tu, akatazama kigoda kilicho karibu na mlango, akatazama sahani ile ya bati, na kabla hajaambiwa neno akavua kofia. Yeye alisoma kwa dakika moja kile ambacho mimi nilijaza daftari zima bila kukielewa: kwamba huyu alikuwa akiishi kama mtu aliyefiwa na mke. Waliketi sebuleni, mimi nikaketi nyuma ya pazia. Ouma alisimulia kwa Kijaluo, polepole, kama anayesomea mtu barua. Walikuwa wamefika juu ya tuta, wote wawili. Waya alimwachia leso ashike, akarudi nyuma kumfungua ndama. Ndama alitoka. Ouma aliivuta kamba yake, akamvuta ndama akidhani Waya ameshika shingo yake; ndama akafika peke yake. Alimtafuta siku kumi na moja pamoja na wavuvi, hadi kwenye mashamba ya mpunga. Wazee wakamwambia mtu asiyepatikana huzikwa kwa tunda la yago, lichukue mahali pake, ili roho isitangetange. Walimchumia. Lakini hakukuwa na mahali pakavu pa kulizika wala pa kuliweka, na hata pangekuwapo hakuona vipi angemzika binti wa watu na ndugu yake hana habari. Wala hangeweza kulitamka jambo hilo kwa mtu mwingine kabla ya ndugu yake, hata kwa mama mwenye nyumba, hata kwa mtoto anayemuuliza kila siku. "Shemeji," alisema, "sikuja kukwambia amekufa. Nimekuja kukuuliza kama nimzike." Kisha akasema kwamba hata alichokuja nacho sasa hana.

Sikumbuki kuvaa viatu. Mama Mutuku alisema baadaye kwamba alidhani nakimbizwa. Kwenye jaa niliingia hadi magotini, nikichimba kwa mikono, nikiomba kwa sauti kubwa kwamba gari la takataka liwe limezembea kama kawaida yake, na hilo ndilo ombi langu pekee la mwaka ule ninalojua kwa hakika lilijibiwa. Tunda lilikuwa palepale, upande mmoja umekwaruzwa na mbwa. Nililibeba mikononi, si kwenye ndoo. Nilipofika bafuni nilichota maji ya moto yaliyokuwa ya kuogea Baba, nikaliweka ndani ya karai, nikaanza kulisugua kwa kipande cha sabuni ya Mama, ile ya kijani. Mama aliingia. Nilidhani atanipiga. Alikunja mikono ya blauzi yake, akapiga magoti ng'ambo ya karai, akaanza kunimwagia maji kwa kikombe, taratibu, toka juu kwenda chini. Kuna wakati mlango ulitiwa kivuli, na Mama Mutuku alikuwa amesimama pale, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomwona bila neno mdomoni. Aliondoka, akarudi na chupa ya mafuta ambayo mumewe aliwapaka twiga wake ili wang'ae. Alipaka yeye mwenyewe, akipita kwenye lile kwaruzo mara mbili. Mama alipiga leso pasi hadi ikakauka. Tukalifunga.

Nilimpelekea Ouma kwa mikono miwili. Alilipokea, akainamisha uso, akanusa. Nilitaka kuomba msamaha na nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri, yenye vituo. Aliniuliza nani ameliosha. Nilisema mimi na Mama, na jirani. "Kule hakukuwa na wanawake wa kumwosha," alisema. Jumatatu yeye na Baba wakaondoka kwa njia ya Nakuru. Kano ilipokauka walimzika Waya kwenye kile kichuguu. Mimi sikupelekwa. Barua yangu ya chuo ilikuwa imekuja, na siku aliyozikwa nilikuwa kwenye foleni ya kujisajili, nikishuku kila karani.

Sijaacha kushuku. Ningependa kusema mwaka ule uliniponya, lakini mtu hajengi maisha juu ya ugonjwa wake kisha akapona kirahisi. Kuna alasiri, hasa za mvua, ninapojiuliza kwa nini Ouma alishika kamba ya ndama na si mkono wa Waya, na kama siku kumi na moja zilikuwa kumi na moja. Nilimuuliza mara moja, miaka mingi baadaye, kwa kuzunguka. Alinitazama kama alivyoitazama ile atlasi. Alisema ndama yule alizaa mara sita, na kwamba yeye hakuwahi kunywa maziwa yake. Sikuandika jibu hilo popote hadi leo.

Jana jioni, mara ya nane, sikufuta. Niliandika: "Steve, yumo. Mimi na mama yangu tulimwosha kwa mikono yetu. Usivunje. Chimbeni pembeni yake, mzee alale hapo." Vidole gumba havikuja. Nilitazama jina la Steve likionyesha kwamba anaandika, likaacha, likaandika tena, na nikajua sauti ile ya mtu anayepima kama anadanganywa. Mwishowe likaja swali, si kwenye kundi bali kwangu peke yangu: "Sawa Aunty, tutachimba kando. Lakini niambie ukweli, alikuwa anakaa aje?"

Alitaka kujua alivyoonekana, nami nikamjibu alichoweza kuamini na nilichoweza kuapia. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, nikamwambia. Na alinukia sabuni.